Tani Arobaini za Kutupa

Mwaka ule vita vilikuwa vimeshapita Kibabi mara tatu na watu walikuwa wanashindia majani ya maharagwe. Mwaka uleule Papa Théophile aliandika, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kijiji kinatupa tani arobaini za chakula kila mwezi.

Tani arobaini! Lori lenyewe lingepiga magoti.

Chanzo kilikuwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kanisa. Shirika moja la Goma lilitafuta vijiji vya kufadhili: wapunguze chakula kinachopotea, na mabaki wayageuze mbolea ya mashamba ya wote. Théophile aliishia darasa la sita, akatoka humo na kalamu mbili ambazo hazijahama mfuko wa shati hadi leo. Siku hiyohiyo akajipa vyeo vitatu: Président, Coordonnateur na Expert.

Swali la tano la fomu ya maombi liliuliza: chakula gani kinapotea kwenu, na kiasi gani?

"Andika kweli," mke wake Athanasie akamwambia, akiendelea kuchambua majani. "Andika: hakuna."

"Mama, kama hakuna, watapunguza nini?"

Athanasie akamwonyesha kwa kisu kule nyuma ya jikoni, kwenye lundo lake la maganda, majivu na samadi, lililolisha migomba yake tangu aolewe. "Na ile? Si njo mbolea wanataka?"

"Ile ni takataka ya jikoni. Miye niko nasema projet."

Jibu likaja: Madame Kasoki wa shirika angefika Jumanne kuona kwa macho. Théophile akazunguka nyumba hadi nyumba akiomba chakula kilichooza.

"Chakula ya kuoza?" jirani yake Mbonigaba akamwuliza. "Papa Théo, hapa kwangu chakula haipate hata nafasi ya kupoa."

Basi akabadili mbinu. Lori la msaada lilikuwa limegawa maharagwe wiki iliyotangulia. Akaomba kila nyumba imwazime beseni moja la maharagwe hayo, na kila nyumba akaiahidi burweti mpya ya kusukumia udongo. "Ni ya photo tu. Jioni kila muntu anarudishiwa yake." Wakaleta. Mtu aliyebeba udongo kwa kichwa maisha yake yote, ukimtajia burweti, akili inatangulia kuisukuma.

Jumanne shimo la kutupia lilikuwa tayari, kubwa la kuzikia tembo. Chini nyasi, juu maharagwe, yamemwagiwa maji ya majivu yaonekane yameharibika. Théophile akasimama pembeni na koti lake la harusi.

Madame Kasoki akachungulia. Mule ndani alikuwamo bibi Nyiraneza, mkimbizi wa vita ambaye hakuna aliyemweleza lolote kuhusu projet, akiokota maharagwe moja moja na kuyatia kwenye kitenge.

"Papa, huyu mama anafanya nini mule?"

"Ni technicienne yetu. Anachagua."

"Na munatupa hivi kila wiki?"

"Kila wiki? Kila siku, Madame. Tunachoka kutupa."

Kasoki akaandika yote, akapiga picha, akaondoka bila kutabasamu.

Jioni watu walirudishiwa maharagwe yaliyolowa na kuvimba. Hayawekeki hayo. Ikabidi kupika yote, na Kibabi ikamaliza kwa siku mbili akiba ya mwezi. Hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu lori lingine lilikuwa njiani.

Lori likafika kweli. Likapunguza mwendo kwa ajili ya matope tu, likaendelea. Théophile akalikimbilia, kalamu zikimrukia kifuani.

"Kibabi si njo kijiji ya kutupa?" dereva akasema dirishani. "Mashirika yanasomeana ripoti, Papa. Mizigo yenu inaenda Bihambwe."

Kijiji kizima kikaja kuketi uani kwake na mabeseni matupu. Hawakumtukana. Heri wangemtukana.

Athanasie akaweka karatasi mezani. "Andika. Leo miye njo nitasema." Théophile akaandika: Kibabi hatutupi kitu, hata punje moja. Akatia sahihi bila cheo hata kimoja.

Jibu lilisomwa baada ya misa, na msomaji akawa Théophile mwenyewe: "Tunaipongeza Kibabi, iliyoshuka kutoka tani arobaini hadi sifuri kwa mwezi mmoja, bila msaada wowote. Kwa kuwa tatizo limekwisha, fomu yenu imefungwa. Orodha ya msaada wa chakula itaangaliwa tena msimu ujao."



"Coordonnateur," Mbonigaba akauliza kwa upole, "na burweti yangu?"

Burweti ikapatikana: ilikuwa Théophile. Msimu mzima alibeba kichwani mbolea ya lundo la Athanasie, nyumba hadi nyumba, ili mboga za watu ziwahi kuota.

Na ile barua ya shirika yenye muhuri? Athanasie aliichana vipande vinne, akaifukia katikati ya lundo, akajipangusa mikono.

"Sasa chukua kalamu zako," akamwambia mumewe. "Waandikie: leo Kibabi tumetupa kitu."