Nguzo ya Nepi na Mwezi wa Mchana

Jumatatu, 3 Machi
Leseni yangu ya redio ya ridhaa, ile ya kuwasiliana na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, imefika! Nimeificha juu ya kabati, mtoto asije akaitafuna. Mpango: nitume ujumbe mwezini, ugonge kule, urudi duniani kwa mtu wa mbali. Sauti haisikiki, imechoka na safari. Kompyuta ndiyo inayotuma herufi chache na kuzitafuta ndani ya kelele. Baba Mtoto kasema sawa. Wifi, tunayeishi naye, kasema mwezi una shughuli zake.

Jumanne, 4 Machi
Antena iko juu ya nguzo ya kamba ya nguo. Wifi kawaka. Nepi zianikwe wapi, kichwani kwake? Tumesema wote kwa pamoja mpaka mtoto akalia. Mwisho kanipa hadi Ijumaa. Jibu lisipokuja, nguzo inarudi kwa nepi.

Jumatano, 5 Machi
Mwezi ulitoka mchana mweupe. Nikalala chali uani kulenga antena, mtoto tumboni. Mwalimu mstaafu wa ng'ambo, mwenye antena nane, alikubali kwa barua pepe tukutane hewani saa kumi. Utaratibu: dakika moja unatuma mwenzako akisikiliza, inayofuata unasikiliza yeye akituma. Nusu saa nzima, kimya. Wifi kapita na beseni, kauliza kama mwezi umehama.

Alhamisi, 6 Machi
Waya mpya. Kimya kilekile. Mwalimu kaandika kuwa naye anatuma, hasikii kitu. Sijakata tamaa. Labda kidogo, nilipokuwa jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi kaja na spana. Katazama kompyuta, katazama simu yake.
"Wifi, hii saa mbona iko mbele dakika tano?"
Mungu wangu! Saa zote za nyumba hii nilizisogeza mwenyewe, Baba Mtoto awahi kazini. Kumbe dakika yangu ya kutuma ndiyo ya mwalimu ya kutuma. Tunasema pamoja, tunanyamaza pamoja.
"Kama mimi na wewe," kasema Wifi.
Nikairekebisha. Dakika ya sita, hiyo kwenye skrini, alama yangu ya leseni, herufi zinazonitambulisha hewani, na yake pembeni! Imetoka mwezini! Wifi kambeba mtoto amwonyeshe. Spana karudisha mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Baba Mtoto kaiona saa ya kompyuta, kagundua hila yangu, kanywa chai kwa raha zake. Kachelewa kazini.
Nimezisogeza tena zote, na ya kompyuta. Dakika kumi na tano safari hii, asizoee.
Kesho nina miadi na mwezi. Kwa saa hii, nitauwahi kabla haujafika.