Malalamiko Dhidi ya Mshale Mwekundu wa Lorine

Ndete Saiba na Huduma Zote,
Chumba cha chini, mkabala na kinyozi,
Pipeline, Nairobi.

Kwa Bi. Lorine,
Mhariri wa Video na Mwenye Mishale Yote,
Ghorofa ya tano, jengo hilihili.

Bi. Lorine,

KUH: MSHALE WAKO NA MADHARA YAKE KWA WATU WENYE FAMILIA

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na stima ikiwa haijapotea. Mimi mwili hauna neno, ila roho imekwaruzwa. Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu siku hizi kila kinachopita kwenye skrini unakichorea duara.

Unanijua vyema. Mimi ni Musau Ndete, mwenye saiba, duka la kompyuta lililo chini ya ngazi unazopanda kila jioni. Kabla yako, mtu wa Pipeline au wa Mukuru kwa Njenga aliyetaka cheti cha tabia njema, leseni ya udereva au jambo lolote la tovuti za serikali alikuja kwangu, akaketi kwenye benchi, akangoja. Waliniita Daktari. Wewe mwenyewe ulikuja hapo ukiwa umetoka shule, nikakufundisha kushika kipanya na kuchapisha karatasi pande mbili. Kweli asante ya punda ni mateke.

Kisha ukanunua simu. Ukaanza kurekodi skrini yako ukijaza fomu zilezile, ukazipamba video zako kwa maandishi na madoido, ukazitupa bure kwenye kikundi cha jengo. Sasa benchi yangu inakaliwa na paka wa kinyozi. Mwenye jengo ameshapita mara kadhaa na mtu wa chipsi, wakipima ukuta wangu kwa macho, wakijadiliana karai litakaa wapi. Benchi ikiwa tupu hadi mwisho wa mwezi, chumba kinakwenda kwa chipsi, nami narudi sokoni Gikomba kusukuma mkokoteni, kazi ambayo mgongo wangu uliikataa zamani. Naumia, Lorine, na sioni haya kusema hivyo. Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya.

1. Mshale wenyewe. Unatokea upande wa kulia, mwekundu, mnene, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye kitufe, halafu unatulia hapo mpaka mtu akione. Hayo ni mambo ya kukosa adabu. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kumwonyesha mteja kitufe. Nilikuwa nageuza kompyuta upande wangu, nakunja uso, napumua kwa nguvu, nasema, "Hapa ndipo pagumu." Mteja anashika tama. Nafinya. Mteja anashukuru hadi machozi. Wewe umeweka mshale hapo hapo pagumu, na watu wote wameona kwamba ni kitufe tu, cha kijani, kimeandikwa "Endelea".

2. Maandishi makubwa. Unaandika HATUA YA KWANZA, unaandika HATUA YA PILI, na ukifika ya nne unaongeza NA YA MWISHO. Neno hilo "mwisho" ndilo lililonichoma. Kwangu hapakuwa na mwisho. Mtu alikuja Jumatatu, nikamwambia arudi Alhamisi na nakala ya kitambulisho. Akirudi, namwambia ilitakiwa ya rangi. Akileta ya rangi, namwambia sasa picha ni ya zamani, na picha nazo zinapigwa hapo hapo kwangu, mbele ya lile shuka la bluu. Hivyo ndivyo watu walivyojuana mtaani. Teresiah anayeuza chapati pale langoni alikuwa mteja wangu wa namna hiyo tangu kitinda mimba wake akiwa mgongoni. Majuzi amepita mlangoni na beseni kichwani, akanipungia simu: "Daktari, kumbe ni hatua nne tu! Nimejifanyia mwenyewe nikingoja unga ilainike." Kumbe! Mfanyabiashara akisikia mteja amesema kumbe, na ajue maji yamezidi unga.

3. Kuvuta picha karibu. Chini kabisa ya ukurasa mmoja pana maandishi madogo yanayosema huduma ile ni ya bure. Aliyeyaandika aliyaandika madogo kwa sababu zake, na mimi niliziheshimu sababu hizo kwa miaka yote. Wewe ukayavuta karibu. Ukayavuta hadi neno BURE likajaa skrini nzima, kisha ukaweka mlio wa kengele. Lorine, kengele ya nini? Nani alikuwa amelala?

4. Ukungu. Nambari yako ya kitambulisho na tarehe yako ya kuzaliwa umezifunika kwa ukungu, na juu yake umeandika: NYWILA NI YAKO, USIMPE MTU YEYOTE. Naomba uniambie, huyo mtu yeyote ni nani? Katika jengo hili ni mimi. Mimi ndiye niliyewawekea watu nywila, wote nywila moja, yaani jina langu likianza kwa herufi kubwa, ili asiwepo mtu wa kuteseka kukumbuka. Sasa wameanza kuzibadilisha. Thuo, yule dereva wa lori, ameniuliza kwa kinyozi mbele ya watu, "Buda, mbona paswadi yangu ni jina yako?" Ndevu zangu zilikuwa zimenyolewa upande mmoja, kwa hivyo hata kuondoka sikuweza.

5. Juhudi zangu, ambazo umeziharibu. Usidhani nimekaa tu nikilia. Mkono mtupu haulambwi, nami niliamua kutoa video yangu. Nilirekodi skrini nikijaza fomu ya leseni, nikampelekea Owen, yule kijana anayehariri video za harusi. Nilimwambia aweke madoido yote aliyo nayo. Akayaweka. Video inaanza kwa njiwa wawili wanaoruka. Jina langu linatokea kwa herufi za dhahabu, linazunguka, linalipuka, linarudi. Mioyo inadondoka kutoka juu na kurundikana penye kitufe cha kuwasilisha. Ukurasa unapofunguka ameupunguzia mwendo ili upendeze, na ukurasa ule tangu hapo ulikuwa ukijikokota.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba ukirekodi skrini, ujumbe unaoingia nao unarekodiwa. Katikati ya somo ukashuka ujumbe wa mke wangu: "Baba Mutie, kama hujanunua unga usikuje." Owen naye ametazama video zako, akaelewa kwamba kila kinachotokea ghafla kwenye skrini ni muhimu. Akauchorea duara jekundu. Akauvuta karibu. Akaweka kengele. Tangu siku nilipoitupa kwenye kikundi cha jengo bila kuitazama, nikipita njiani watu wananiuliza habari za unga kabla ya kuniuliza habari za watoto. Teresiah amenitumia pakiti mbili, na ninasikitika kusema nilizichukua.

Lakini mgala muue na haki yake umpe. Video ile ilifanya kazi kuliko zako zote. Thuo aliitazama akaja mbio kuniuliza, "Buda, hii ni leseni ama ni harusi?" Alikuwa amefinya njiwa mpaka simu ikakwama. Nyuma yake walikuja wengine, wamepotea vizuri kabisa, na asubuhi hiyo benchi ilijaa mpaka paka akahamia juu ya printa. Nilikunja uso. Nilipumua kwa nguvu. Nilijisikia mtu tena. Kufika saa ya chakula ukawa umeshatupa video yako kuhusu leseni hiyo hiyo, na mshale, na hatua nne. Walinyanyuka mmoja mmoja, kwa adabu, simu zikiwa mkononi. Thuo alikuwa na huruma ya kuniambia, "Usijali, Daktari, tutakuja kuprint." Ukatili gani unaouzidi huo?

6. Hatari kwa nchi. Hapa naomba usome polepole, maana mwenyewe nilipofika hapa niliogopa. Mtu akishaonyeshwa mshale mara moja, hatulii. Akifika penye dirisha lolote lenye foleni, atauliza mshale uko wapi. Atauliza hatua ni ngapi, na ipi ndiyo ya mwisho. Akiambiwa arudi Alhamisi, atauliza kwa nini. Atainama kutafuta maandishi madogo. Leo ni mimi, kesho ni mwenye jengo anaulizwa bili ya maji imepigwaje hesabu, kesho kutwa ni wakubwa wanaombwa watoe ukungu kwenye mambo yao. Kuna watu wengi wazuri katika nchi hii wanaolisha watoto wao kwa kukunja uso na kupumua kwa nguvu. Umewafikiria hao? Mimi ni wa kwanza kumwagiwa unga, ila sitakuwa wa mwisho, na damu ya biashara zetu itakuwa mikononi mwako na kipanya chako.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo, ambayo nadhani hata wewe utaona ni ya kadiri. Mshale uwe wa kijivu, na uelekeze karibukaribu na kitufe, usikiguse. Hatua zisihesabiwe, andika tu HATUA, na baada yake HATUA NYINGINE. Neno "mwisho" lifutwe kabisa, hata kwenye mwisho wa video. Ukungu uhamishwe, utoke kwenye nambari za watu uwekwe kwenye vitufe. Njiwa wa Owen wapo, niko tayari kukupa, na mioyo pia, nayo imwagwe kwa wingi mahali popote ambapo mtu angeweza kuelewa. Kisha kila video ifungwe kwa maandishi ya dhahabu yasiyotoka upesi: UKIPOTEA, TEREMKA KWA DAKTARI.

Ukikubali, nitakupa kiti dukani na ile kompyuta ya pili, ambayo haina shida yoyote isipokuwa herufi A inayong'ang'ania. Ukikataa, nitalifikisha jambo hili kwa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya mtaa, na kuomba rangi nyekundu ipigwe marufuku katika jengo lote. Nasikitika kwa ajili ya lile sweta lako, lakini sheria ikipita imepita.

Sina chuki nawe. Nikiwa peke yangu dukani hutazama video zako, kwa uchunguzi, na nakiri kwamba sauti yako ni ya upole na huharakishi mtu. Hilo nalo ulipaswa kulirekebisha.

Nisalimie mama yako, na wenzako wa kwaya, na yule jirani yako anayetwanga kila Jumamosi, na mtoto wa ghorofa ya tatu asiyetaka kulala. Msalimie hata Teresiah ukimwona, umwambie unga ulikuwa mzuri.

Ni mimi ninayelalamika kwa unyenyekevu,

Musau Ndete
(Daktari)

Nakala: Mwenye jengo, Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kinyozi, amwelezee paka.

N.B. Nilikuwa nimeshakunja barua hii mama yangu mzazi aliponipigia simu kutoka Mwala. Kuna mwalimu wa Shule ya Jumapili kule aliyetumiwa video yako ya kujiandikisha kwa matibabu, na mama ameifuata mwenyewe kwenye simu ya mwalimu huyo hadi akamaliza. Amepewa nafasi ya kupasuliwa macho. Mambo hayo nilikuwa nimemwahidi mimi tangu Krismasi, na kila akiniuliza nilimwambia mtandao uko chini. Jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho, la pili linaona kwa shida, lakini anasema mshale aliuona. Anakuombea kila jioni kwa jina, ingawa anakuita Loisi. Ana ombi moja tu: kidole chake ni kizito, na mshale huondoka kabla hajafika. Video ya kuthibitisha siku ya upasuaji bado hujaitoa. Tafadhali itoe wiki hii, mshale uwe mwekundu vilevile, uufanye mkubwa zaidi, na uuache ukae. Anasema macho yakipona, cha kwanza anataka kuletwa Nairobi aione hiyo saiba ambamo mwanawe huwasaidia watu.