Naomba Kompyuta ya Duka Ibaki Polepole

Kwako Kaka Achille, mwenye duka la simu na mtoto wa mama yangu,

Ninakuandikia ingawa umekaa nyuma ya pazia hapo, kwa sababu nikisema kwa mdomo sauti itatetemeka.

Ni kuhusu ile programu ya ushauri uliyoiweka. Leo imeandika: “Kumtafuta mteja kwa namba ya simu kunachelewa. Kompyuta inasoma wateja wote, mmoja mmoja. Tengeneza faharasa ya namba, yaani orodha iliyopangwa, iende moja kwa moja kwa anayetakiwa.” Chini iko kitufe: Kubali. Naomba kisibonyezwe.

1. Kusoma wateja wote ni heshima. Leo tutamruka mteja wetu Mama Bilha kwenye kompyuta, kesho tutamruka kwenye salamu.

2. Programu yenyewe inakiri kwamba faharasa itachelewesha kidogo kuandikisha wateja wapya. Niliposhauri basi tuandikishe wapya mchana kutwa, ili kuchelewa kusituishie, Yvette wa kaunta alisema, “Eish, Zénon, wewe uko mgonjwa.”

3. Programu haijui watu wanafanya nini wakingoja. Dada Carmel, msusi wa saluni ya jirani, huleta simu yake kila wiki, simu ambayo kwa uchunguzi wangu wa kitaalamu haina ubovu wowote. Anapokuja kuichukua, kompyuta ikihangaika kumtafuta, yeye hunisimulia vituko vya saluni. Ikimpata tu, anasema asante na kuondoka. Kaka, mimi ninaishi katikati ya hapo.

4. Wewe ulimchumbia shemeji Marie-Claire miaka sita. Kuna mashine iliyokuambia unachelewa?

Kwa hiyo naomba pendekezo likataliwe. Ikiwezekana, tuongeze hata wateja wasiokuwepo, kompyuta ipate wengi zaidi wa kusoma.

Msalimie shemeji, watoto, mchungaji na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuheshimu hata ukikosea,
Zénon, fundi simu

N.B. Nikiwa bado natafuta bahasha, Yvette amebonyeza Kubali. Carmel akaingia, jina lake likatokea kabla hajavuta kiti. Nikampa simu, nikaangalia chini. Akasema, “Haraka hivi? Basi kama umemaliza kazi, nisindikize mpaka kituo cha Warwick nikapande taxi.”

Ndiyo nimerudi sasa hivi. Kaka, kama iko mapendekezo mengine, kubali yote, hata ambayo sijayaelewa.