Kamba Haitalala kwa Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Wiki imeanza vibaya. Nahodha wetu wa kuvuta kamba, ambaye ni fundi umeme wa kiwanda, kijana wa miaka thelathini na tatu asiyejua maumivu ni nini, kabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni pa bwalo. Ijumaa tarehe 13 kuna mchujo. Kila mvutaji atachuchumaa mpaka chini na kuinuka mara tatu bila kushika kitu. Atakayeshindwa atakaa pembeni na kushangilia.

Kushangilia! Mimi! Miaka kumi na tisa nimekuwa mtu wa mwisho kwenye kamba ya kiwanda hiki cha sabuni, yule anayejizungushia kamba mwilini, anachimbia visigino ardhini na kukataa kuondoka. Ndiyo maana wananiita Kisiki. Wapo wafanyakazi wenzangu wasiojua kama nina jina lingine.

Na kwa desturi ya timu yetu, kamba hulala nyumbani kwa mtu wa mwisho. Miaka yote hiyo imening'inia sebuleni kwangu, kwenye msumari mkubwa juu ya televisheni. Mke wangu huitazama kama mgeni aliyesema anakuja kwa siku mbili.

Nina miaka hamsini na nane. Goti langu la kulia lina zaidi. Kila asubuhi linataka kubembelezwa dakika kumi kabla ya kukubali kwamba tumeamka.

Wa kuichukua nafasi yangu anajulikana: mkwe wangu, mume wa binti yangu, anayeendesha mtambo wa kuchemshia mafuta. Ana nguvu za trekta na adabu inayoudhi. Leo nilipokuwa nimesimama nasoma lile tangazo, kaniletea kiti.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda zahanati ya kiwanda kwa siri. Nikamwambia muuguzi kwamba nina rafiki yangu anasumbuliwa na goti. Akauliza umri wa rafiki. Nikampa wangu. Akauliza uzito. Nikapunguza kidogo, akanitazama tumboni, nikarudisha. Akauliza ni goti lipi, nikakunja la kulia kumwonyesha. Likalia. Mgonjwa aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi akachungulia.

Akasema gegedu la rafiki yangu, ule mto wa katikati ya mifupa ya goti, limelika. Apigwe eksirei, apunguze uzito, na kamba aisahau kabisa. Mimi kamba sikuitaja hata mara moja. Alipokuwa ananifungulia mlango akasema nimsalimie sana huyo rafiki, na mke wake pia.

Watu wa afya siku hizi hawana siri.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeamua kufanya mazoezi stoo, ambako mimi ndiye mtunza stoo na hakuna wa kuniona. Saa nne asubuhi nikafunga mlango, nikasimama kati ya rafu mbili za katoni, nikachuchumaa. Nilifika chini vizuri kabisa. Nikajipongeza.

Kuinuka ndiko kulikokataa. Goti likakwama, na rafu za kushikia zilikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Nilikaa pale chini kama dakika arobaini. Nikasoma maandishi yote ya kwenye katoni, pamoja na namna ya kuzihifadhi. Nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya kutambaa pale meneja alipofungua mlango kwa ufunguo wake.

Nikamwambia nahesabu katoni za rafu ya chini. Kafurahi mno. Alisema kwa miaka mingi amekuwa akiuliza kwa nini rafu za chini hazihesabiwi ipasavyo, na hatimaye kapata mtu anayejituma. Kanipa jukumu la kuhesabu rafu za chini za stoo zote tatu. Kisha kanipa mkono, na mimi nikaung'ang'ania mpaka nikasimama.

Jumapili, 8 Juni

Binti yangu na mumewe wamekuja kula chakula cha mchana. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kummaliza mkwe kwa maneno matamu. Nikamkalisha pembeni, nikamweleza kwamba kipaji chake kiko mbele, namba moja kwenye kamba, anakoonekana na watu wote. Nikamwambia nyuma ni kwa wazee waliochoka, hakuna heshima yoyote.

Akanisikiliza ameinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Popote utakaponiweka, Baba, mimi nitavuta." Halafu akaniwekea kigoda niegeshe mguu.

Mtu wa namna hii utagombana naye vipi? Ningekuwa na mkwe mwenye kiburi ningekuwa nimeshinda zamani. Binti yangu alikuwa anatutazama kutoka mlango wa jikoni kwa macho yale yale ya mama yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Nashangaa nilivyokaa siku zote hizi bila kufikiria.

Nilimwona fundi baiskeli akivuta tyubu kwa mikono miwili, akaiachia, nayo ikarudi kwa nguvu. Pale pale nikaelewa. Goti langu halina shida ya kushuka, lina shida ya kupanda. Kinachotakiwa ni kitu cha kulivuta juu. Nikaomba tyubu kuukuu, nikaipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, nikamwambia aishone ndani ya suruali yangu ya michezo, kuanzia kiunoni, ipite mbele ya goti, iishie chini kabisa.

Fundi huyu nampenda. Hakuuliza ni ya nini. Aliuliza tu, kwa upole, kama nataka mguu mmoja au yote miwili. Nikamwambia mmoja. Mguu wa kushoto ni mzima, mpira wa nini?

Ijumaa, 13 Juni

Mchujo ulifanyika nyuma ya ghala saa kumi jioni. Mkwe alianza. Alichuchumaa na kuinuka mara tatu huku anamjibu mtu swali kuhusu joto la mtambo. Hakuhema hata kidogo. Nilimchukia kwa dakika nzima, Mungu anisamehe.

Nikaingia mimi. Kushuka kulikuwa kazi, maana tyubu haikutaka. Nikalazimisha. Kisha nikalegeza, na mguu wa kulia ukapanda kabla yangu. Mara ya kwanza nilisimama nimeelekea ukuta. Mara ya pili nimeelekea barabarani. Mara ya tatu mguu ulinitupa moja kwa moja kwa nahodha, tukaanguka wote wawili juu ya rundo la magunia matupu.

Halafu nahodha akainuka, akajipangusa, akawaambia wenzangu kwamba hiyo ndiyo ari anayoitaka, na kwamba vijana wajifunze kwa Kisiki. Nimepita! Nafasi ya mwisho ni yangu, mkwe yuko mbele yangu, namba saba. Mechi ni tarehe 21 dhidi ya kiwanda cha matofali.

Mkwe aliniokotea kofia. Alitazama goti langu kidogo zaidi ya ilivyo lazima.

Jumapili, 15 Juni

Nilisahau kuificha suruali. Mke wangu kaifua. Nimetoka nje nikaikuta kwenye kamba ya nguo, mguu mmoja umenyooka, mwingine umejikunja mpaka kiunoni. Jirani alikuwa amesimama kwenye uzio anauliza kama nguo imesinyaa au imefanyaje.

Mke wangu hakupiga kelele. Ningependelea angepiga. Aliivuta ile tyubu, akaiachia, akaivuta tena, akaniuliza mimi ni mtu au kombeo. Kisha akaingia ndani kumpigia simu binti yetu. Walizungumza kwa muda mrefu. Nilisikia jina la mkwe likitajwa mara nne na langu halikutajwa kabisa.

Akasema, "Baba watoto, siku utakayokwama huko usiniite."

Nimemwambia Kisiki hakwami. Nikajaribu kuinuka kwenye kochi ili niondoke kwa heshima, ikabidi nijaribu mara mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa nimelala, mguu juu ya mito mitatu.

Asubuhi nilifika uwanjani na suruali yangu. Nahodha akanipa sare. Kaptura. Miaka kumi na tisa tumevaa kaptura! Nimevaa kaptura hiyo hiyo kwenye picha iliyoko chumbani kwangu. Siku zote nilizokuwa nashughulika na fundi cherehani, jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja.

Basi nikavuta bila tyubu. Filimbi ilipolia nikashuka, nikachimbia visigino, na pale pale goti likafunga. Likafunga kabisa. Watu wa matofali wakavuta. Sikuondoka. Hata ningetaka nisingeweza. Walivuta mpaka wakaishiwa pumzi, kisha wenzangu wakawaburuta taratibu mpaka mstarini. Uwanja mzima ukaimba Kisiki, Kisiki. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Halafu refa akatangaza kubadilishana pande.

Hilo nalo nilikuwa nimelisahau. Nikamwambia refa kwamba upande huu ni mzuri na hatuna malalamiko. Akasema sheria ni sheria. Wenzangu wakapita wote, mimi nimebaki nimechuchumaa peke yangu katikati ya nyasi, nimefungwa kamba. Nahodha alipoelewa akashika kichwa. Ikabidi watu wanne wanibebe hivyo hivyo, nimekunjwa, kama kabati inayohamishwa nyumba. Refa alitafuta kwenye kitabu chake, hakuona sehemu inayokataza.

Wakanitua karibu na bomba la maji linalovuja. Filimbi ikalia, nikaanza kuteleza. Niliteleza kutoka mwanzo mpaka mwisho nimekaa mkao ule ule, nikiwatazama watu wa matofali wakinikaribia. Mmoja wao alinisalimia.

Tukawa sare, moja kwa moja, umebaki mvuto wa tatu. Nahodha akaja kunifungua kamba bila kunitazama usoni. Mkwe akapiga goti mbele yangu, mbele ya watu wote, akasema, "Baba, naomba ruhusa." Nikatikisa kichwa kukubali. Wakanikalisha kwenye kiti, na kiti hicho alikuwa amekileta mkwe tangu asubuhi.

Mkwe akajizungushia kamba. Alisimama vizuri, visigino vyake vimekaa kama nilivyokuwa nakaa mimi zamani. Tukashinda.

Nilishangilia.

Jumapili, 22 Juni

Muuguzi kaja nyumbani. Eksirei kesho, na wiki sita kuanzia jana bila kamba, bila ngazi, bila kuchuchumaa kwa sababu yoyote ile. Kaniuliza rafiki yangu anaendeleaje.

Kamba imelala kwa mkwe. Ukutani kumebaki alama ya duara, safi kuliko rangi nyingine yote. Mke wangu katundika kalenda kwenye ule msumari kabla hata chai haijapoa.

Nimeumia, na si goti ninalozungumzia. Nimekaa nikiitazama ile kalenda mchana kutwa na sikuona tarehe hata moja.

Jumatano, 25 Juni

Jioni mkwe kaja na kamba begani. Alikataa kukaa. Akasema ameitundika kwake siku nne na kila akiitazama anahisi ameingia chumba cha mtu bila kupiga hodi. Anaomba ibaki kwangu, na mimi nimfundishe kuwa mtu wa mwisho, maana Jumamosi alivuta kwa kubahatisha tu.

Mke wangu akainuka na kuitoa kalenda mwenyewe, bila kuambiwa. Akaitundika kamba. Akairekebisha mpaka ikakaa ndani ya ile alama.

Nikalia. Nikasingizia dawa ya kuchua.

Kisha nikatangaza mbele yao kwamba nimestaafu kuvuta. Mke wangu akanitaka nirudie, binti yangu akiwa anasikiliza kwenye simu. Nikarudia kwa sauti. Mkwe kanipa mkono kwa mikono yake miwili. Nimejisikia mwepesi, mtu mzima mwenye busara, na chakula kilikuwa kitamu ajabu.

Sasa wameondoka na mke wangu yuko jikoni. Kalenda imeachwa hapa mezani, karibu na mkono wangu. Nimeifungua tu kwa sababu iko karibu. Wiki sita zinaisha Jumamosi tarehe 2 Agosti asubuhi. Marudiano na watu wa matofali ni siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri. Hapo katikati kuna saa kadhaa nzima za kupumzika.

Nimemtumia ujumbe fundi cherehani. Safari hii tyubu mbili, miguu yote miwili. Na aniambie kama anashona soksi ndefu, za kuvaa na kaptura.