Mapazia ya Chumba cha Kona

Wakili Kiganjani alikiona chumba cha kona kikiwa kitupu, mwenye jengo yuko safarini na ufunguo uko kwa mpaka rangi ambaye kwa soda moja angekuazima hata kitanda chake. Papo hapo akajua riziki imefika. Isidhaniwe alikuwa wakili kweli. Alipata kutoa nakala katika ofisi ya wakili kwa miaka miwili, akafukuzwa kwa uchelewaji. Alitoka na tai, maneno mazito na kigari cheupe kilichokuwa ofisi yake, kabati lake na, mambo yakigoma, nyumba yake.

Imani yake ilikuwa moja: mtu akisaini mbele ya watu, watu watauliza maswali, lakini akisaini peke yake, kwenye simu yake mwenyewe, hana wa kumshtua. Kwa hiyo alituma mikataba ya kupanga chumba kile kwenye simu za wateja. Simu inakutazama uso, inahakikisha ni wewe, unachora sahihi kwa kidole, basi. Kipengele cha nne ndicho alichokipenda kama mwanawe: atakayetoa siri ya mkataba huu atalipa mara kumi.

"Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna umbea," alimwambia fundi viatu. "Ni wewe, simu yako na Mungu wako."

"Na kinyozi hatajua? Naye anakimezea mate kile chumba."

"Atajulia wapi, kaka?"

Fundi viatu alicheka mpaka akaangusha nyundo, akatoa malipo ya awali siku hiyohiyo. Kesho yake kinyozi alicheka vilevile kwa furaha ya kumzunguka fundi viatu. Wa tatu alikuwa mama mshonaji, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Huyu hakucheka. Aliomba kuonyeshwa chumba, akapima dirisha kwa futi yake ya utepe, ndipo akasaini. Kila mmoja aliahidiwa ufunguo siku ya Ijumaa.

Kiganjani hakuwa na mpango wa kuiona Ijumaa hiyo mjini. Alhamisi asubuhi pesa za wote watatu zilikuwa kwenye begi, begi liko kwenye buti, na tangi limejaa. Kilichombakisha ni suti aliyoagiza kwa mama mshonaji yuleyule. Angeanzaje kuwaingiza mjini watu wa mji mwingine na koti lililopauka viwiko?

"Vua hilo la zamani, mwanangu, tundika pale msumarini," mama alisema. "Nyoosha mikono. Usitikisike, pini zangu hazina adabu."

Alisimama mbele ya kioo na mikono yake hewani, koti jipya likiwa na mkono mmoja na mistari ya chaki. Kwenye kioo aliona mapazia matatu yametundikwa nyuma yake, la buluu, la kijani na la maua.

"Kazi zimechangamka, mama."

"Mapazia tu hayo." Mama alitoa pini mdomoni. "Mwanangu, mkataba wako wa simu unaruhusu niombe marekebisho, nami nimeomba. Nataka na stoo ya nyuma. Saini, nikulipe ukishajaribu suruali."

Chumba kile hakikuwa na stoo, lakini Kiganjani hakuwa mtu wa kumvunja mteja moyo. "Nipe simu yangu tu, iko hapo mezani."

"Nitoke nje usome kwa faragha? Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Mkataba nilioandika mwenyewe niusome wa nini?"

Mama alimwekea simu kiganjani, akageukia ukuta kwa heshima ya siri. Simu ikamtazama Kiganjani, naye akaitabasamia. Akasaini kwa dole gumba.

Nje gari likawaka. Lilikohoa mara mbili kabla ya kunguruma, na mji mzima ulikuwa na gari moja tu la kikohozi hicho. Kiganjani akaruka, pini zikamchoma makwapa yote mawili. Akatazama msumarini. Koti la zamani halikuwapo, na ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa koti hilo.

"Gari langu!"

"Lilikuwa lako. Soma kipengele cha pili."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Kiganjani akasoma mkataba. Alikuwa amewauzia mshonaji, kinyozi na fundi viatu gari jeupe na vyote vilivyomo, kwa malipo aliyokwisha kupokea kutoka kwao.

"Mmeambiana! Mlisaini siri nyie!"

"Nani aliyefungua mdomo? Fundi viatu alileta kitambaa cha pazia, upana mita moja na sentimita sabini na tatu. Namuuliza la dirisha gani, hasemi, amesaini. Kesho yake kinyozi, mita moja na sentimita sabini na tatu, naye hasemi. Na langu mimi ni hilohilo. Yule mwashi aliyekosea dirisha lile, mwanangu, alikosea mara moja tu mji huu." Mama akakunja utepe wake. "Nikawakalisha wote wawili kwenye benchi hili na mapazia mbele yao. Walianza kwa kuoneana haya, maana kila mmoja alikuwa amemzunguka mwenzake. Hasira ilikuja baadaye."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda. Utawaeleza mkataba wenyewe ulikuwa wa nini. Ila kipengele cha nne sikukigusa. Nilikipenda."

Kiganjani alitoka mbio na koti la mkono mmoja, kila hatua ikimchoma. Kwenye njia panda askari aliyekuwa akiongoza magari alimwona, akapiga filimbi.

"Vipi, bosi? Umeibiwa?"

Nyuma ya askari kile kigari cheupe kilipita polepole, kinyozi kwenye usukani, fundi viatu dirishani akipunga mkono. Kiganjani alifungua mdomo. Akaufunga. Akapiga hesabu ya mara kumi.

"Hapana, afande," alisema, akijichomoa pini kwapani. "Nimesaini."