Shamba Lenye Mhuri

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa ufunguo! Wiki ya tatu tangu nishushwe katika nchi hii ya watu na sanduku moja na goti bovu, na leo ndiyo binti yangu ameniamini. Kwa masharti, kana kwamba si mimi niliyemfuta kamasi. Wiki moja ya majaribio. Natoka mwenyewe, narudi mwenyewe kwa miguu yangu. Nikirudishwa nyumbani na mtu, hata mara moja, ufunguo unachukuliwa, na Nesi wa ghorofa ya juu anakuja kukaa nami mchana kutwa kama mtoto wa chekechea.

Huyo Nesi ni mstaafu. Lugha yetu anaijua, huku amekaa miaka thelathini, na ana mbwa anayemvisha sweta. Ananiita Bibi. Tumelingana umri! Heri nilindwe na huyo mbwa.

Nimeufunga ufunguo kwa kamba ya kiatu, nikauvaa shingoni. Saa mbili asubuhi nikashuka ngazi, nikavuka barabara, nikapita duka la baiskeli, nikatokea baharini. Nikaganda. Tulipopita na gari wiki ile palikuwa maji matupu. Leo ardhi! Tambarare, pana, hakuna nyumba, hakuna uzio, hakuna hata mbuzi. Bahari imejikunyata kule mbali. Kijijini kwetu ndugu wa tumbo moja hawasemezani kwa sababu ya hatua mbili za mpaka, na hawa wameacha yote hiyo imelala!

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wiki tatu, jembe sijaliona. Nimejigawia mwenyewe. Hatua arobaini kwa thelathini. Sikuwa mchoyo. Nikarudi kuchukua vigingi: miko miwili, mpini wa fagio, mwavuli wa mkwe wangu. Nikavipigilia kwa jiwe. Saa sita niko mezani nakula, mkimya, nimeshiba heshima. Siri hii siitoi. Maboga yakizaa, watajionea.

Jumanne, 4 Machi

Wezi!

Vigingi vyote vimeng'olewa. Mwizi wa huku ni fundi, hakuacha hata unyayo. Mchanga umenyooka kama umepigwa pasi.

Nikiwa nimesimama pale nimejishika kiuno, nani anakuja? Nesi na mbwa wake. Na mbwa ana nini mdomoni? Mwiko wangu! Ule wenye kovu la moto kwenye mpini. Nikamwambia Nesi, mwenzangu, kumtuma mnyama akuibie ni kukosa haya mara mbili. Akasema mbwa kauokota ufukweni, nao mwiko unafanya nini ufukweni, Bibi? Nikaushika mwiko nikavuta. Mwenye mali hahojiwi.

Kuvuta mwiko kutoka kwa mbwa huyo ni kazi. Mdogo lakini ana imani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeweka vigingi vipya: fimbo za mapazia ya sebuleni. Ndefu, za chuma. Nimezishindilia mpaka goti likalia.

Jambo la ajabu. Bahari imesogea. Jana ilikuwa hatua mia kutoka mpaka wangu, leo hatua sitini, na saa ni ileile ya mbili asubuhi. Kuna mtu anaisukuma.

Nesi akapita, akaniona na kamba ya kupimia mkononi, akacheka mpaka akajishika ubavu. Akasema maji ya bahari hupwa na kujaa, kila siku mara mbili, wala hayana ratiba ya kudumu. Nikamuuliza yakiondoka yanakwenda wapi. Akasema mwezi unayavuta. Mwezi! Mtu mzima, miaka thelathini anachoma watu sindano! Nikamwambia bwawa la kwetu limekaa mahali pake tangu babu yangu hajaota meno, na mwezi tunao tena mkubwa kuliko wa huku. Akamvuta mbwa wake, akaenda zake. Nimemweza.

Nimeshamjua. Analitaka shamba. Chumba chake cha ghorofani hakina hata chungu cha maua.

Alhamisi, 6 Machi

Fimbo mbili zimekwenda. Nimefika kikomo. Nimekwenda serikalini.

Serikali ya ufukweni ni kibanda cheupe chenye bendera na vijana wawili waliovaa makoti ya rangi ya chungwa. Lugha yao sina, yangu hawana. Nikamshika mmoja mkono, nikamleta dirishani, nikamwonyesha shamba kwa kidole. Nikamwonyesha hatua arobaini kwa kutembea ofisini kwake, mpaka nikagonga kabati. Nikamwigizia kuchimba, kupanda, kuvuna, kula. Akamtazama mwenzake. Kisha akainua mkono wake juu, akaushusha chini. Akaupandisha tena. Akaushusha. Mara nne. Nikaelewa: ardhi za huku ni za madaraja, iko ya juu na iko ya chini, mimi nimepewa ya chini. Nikaitikia kwa kichwa. Sichagui.

Akanipa karatasi. Ina namba safu kwa safu, bila shaka ni vipimo. Na pale chini ina mhuri! Mimi nimeishia darasa la tatu, na hilo la tatu nalo tuligombana. Lakini karatasi yenye mhuri naijua. Hiyo ni hati. Nimeikunja mara nane, nimeiweka kifuani pamoja na ufunguo.

Ijumaa, 7 Machi

Uvamizi. Saa mbili asubuhi nafika, bahari imekaa juu ya shamba langu kama shangazi aliyekuja na mikoba. Nikaionyesha hati. Haikutikisika. Maji hayana shule kunishinda mimi.

Nyumbani nako moto. Mkwe kalowa mvua, mwavuli hauonekani. Binti anauliza mapazia yameangukaje. Nikasema nyumba za siku hizi hazina uimara. Mkwe akaniangalia kwa ile adabu yake ya kunung'unika kimoyomoyo. Binti akasema, "Mama, imebaki Jumamosi na Jumapili tu. Usiniangushe." Nikamwambia niliyekubeba mgongoni leo ndiye wa kukuangusha?

Nimelala nawaza. Kosa langu nimeliona. Shamba halilindwi na fimbo. Ardhi ni ya anayeikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimefungwa mablanketi matatu. Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Asubuhi nilichelewa kwa ajili ya kufua. Nikatoka saa tano na nusu nimebeba kiti cha jikoni kichwani na mbegu za maboga kwenye mfuko. Kufika, nikacheka peke yangu. Bahari imeondoka! Hati imefanya kazi. Shamba limepungua, arobaini imekuwa ishirini na tisa, lakini sikutaka kesi. Nikapanda mistari minne, nikaweka kiti katikati, nikakaa. Malkia.

Saa saba Nesi akaja mbio na mbwa, anapunga mikono. Akasema Bibi, toka, maji yanarudi, tena yanapitia nyuma. Nikamwambia ameanza tena na mwezi wake. Akasema mimi kichwa kigumu kama nazi kavu. Nikamwambia yeye kichwa chepesi kama ganda lake. Akasema nilikuja juzi tu, sijui kitu. Nikamwambia yeye kakaa miaka thelathini na hana hata mstari mmoja wa maboga. Hapo nilimgusa. Alilia kidogo, halafu akatukana vizuri sana, kwa lugha safi ya nyumbani, hata nikafurahi kuisikia. Nikamjibu. Akajibu. Tulinogewa.

Mbwa ndiye aliyebweka. Tukageuka. Kati yetu na barabara palikuwa na mto! Haukuwapo! Nesi akajaribu kuvuka, mguu ukazama kwenye tope hadi gotini, akatoka bila kiatu. Kiatu chake cha daktari, kile chenye soli nene. Tukarudi mbio kwenye kiti. Tukapanda wote wawili, migongo imeegemeana, mbwa mimi nimembeba. Sweta limelowa, ana moyo unadunda kama cherehani. Mbegu zangu zikaenda huku naziona.

Nesi akanishika mkono. Akasema hataniacha nianguke, mradi nisimwambie mtu kwamba alilia. Nikakubali.

Boti ikaja. Wale wale wa makoti ya chungwa! Yule wa hati aliponiona alipandisha mkono, akaushusha. Sasa nini tena? Wakatuzungushia karatasi inayong'aa, tukawa kama viazi vya kuoka, wakatuleta mpaka mlangoni, mtaa mzima umetoka, na mwenye duka la baiskeli anapiga picha. Kiti kimebaki baharini.

Binti akanyoosha kiganja. Nikamwambia masharti yalisema nisirudishwe na mtu. Boti si mtu. Hakucheka. Mkwe alicheka, akaenda kumalizia chooni.

Nimeuvua ufunguo. Shingo imebaki nyepesi mno. Nimegeukia ukutani nikajifanya nimelala, maana mimi silii mbele ya watoto.

Jumapili, 9 Machi

Ufunguo kapewa Nesi. Ameuvaa shingoni, kwa kamba ileile ya kiatu! Saa nane alikuja kuanza kazi ya kunilinda. Akakaa. Nikakaa. Mbwa akaja kulala miguuni pangu, msaliti.

Kisha akaniuliza, kama mtu asiyeuliza, kiatu chake kilizama upande gani hasa. Nikamtazama miguu: huku kiatu, huku ndala. Kumbe hajamwambia mtu. Viatu hivyo hutengenezwa kwa kipimo, na daktari wake ni mkali, na kusema amekipoteza wapi anaona haya. Nikamwambia kipo ndani ya mpaka wangu, karibu na mstari wa tatu wa maboga. Hakuna anayepajua mahali pake ila mwenye shamba.

Nikatoa hati. Akaisoma kwa miwani, akafuata safu kwa kidole, akasema kesho saa nane mchana maji yatakuwa yamepwa, ndiyo nafasi, lakini nusu saa tu, Bibi, nusu saa na tunatoka. Hata yeye sasa anaiheshimu! Nikamwambia aache kuniita Bibi. Akasema sawa, dada.

Basi tumekubaliana. Yeye ana ufunguo, mimi nina hati. Binti na mkwe watakuwa kazini. Mbegu zilizobaki nimeziloweka kwenye kikombe cha mkwe, nyuma ya sukari. Kosa la Jumamosi nimelielewa vizuri: nilipanda karibu mno na barabara, ndiyo maana ule mto ukapata njia. Safari hii tutaingia ndani zaidi. Nimempa Nesi nusu yake, ya upande wa baharini.

Jikoni vimebaki viti vitatu. Kesho nabeba viwili, maana sasa tuko wawili.