Kumbukumbu ya Malipo

Jumatatu, 6 Mei

Msiba! Ujumbe umeingia kwenye simu nikiwa na misumari mdomoni, nusura niimeze. Shule inasema kuanzia muhula huu ada zote zitalipwa kwa mfumo, kwa simu. Fedha taslimu marufuku. Dirisha la mhasibu limefungwa. Wazazi hatuna haja tena ya "kupoteza muda" kufika shuleni.

Kupoteza muda! Nani aliwaambia nataka kuuokoa? Mimi fundi makochi, naishi peke yangu kwenye karakana. Muda ninao tele. Muda na makochi ya watu.

Niandike ukweli, humu hamna wa kunicheka. Tangu mke wangu, Mama Kidoti, aolewe na Bwana Tai na kuondoka na mwanangu Kidoti, ada nailipa vipande vipande kwa makusudi. Leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Mama Dirisha, yule mhasibu, anadhani ni hali ngumu na ananionea huruma. Kumbe dirisha lake linatazamana na darasa la nne! Kengele ya mapumziko ikilia, Kidoti anakuja mbio, anaegemea nguzo, ananieleza nani kagombana na nani mpaka kengele ya pili. Mlinzi hamwingizi mtu getini bila shida ya ofisini. Ada ndiyo shida yangu. Sasa wameniponya.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: kujitia hamnazo. Simu yangu nzuri nimeificha chini ya mto. Nimeazima kwa fundi viatu kisimu chake cha vitufe, kimefungwa kwa mpira kisitawanyike. Nikamwonyesha mlinzi. Nikamwambia kwa simu hii mfumo sitauweza, naomba nikamwone mhasibu.

Mama Dirisha akatoka mwenyewe mpaka getini. Ana furaha hiyo! Akasema mfumo unakubali hata simu ya vitufe, tena afadhali, haina mambo mengi. Akanifundisha palepale, nimesimama juani, bonyeza hapa, bonyeza pale.

Kengele ya mapumziko ikalia tukiwa bado nje. Ukuta katikati. Watoto wote wanapiga kelele kwa pamoja, sikuweza kuitambua sauti ya wangu. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Jioni nimekalia kochi la daktari wa meno, la watu watatu. Nimekaa katikati, nimehamia pembeni, bado nafasi inabaki.

Alhamisi, 9 Mei

Mkutano wa wazazi, jioni, watoto wameshaondoka. Nilipita darasa la nne. Viti vimepandishwa juu ya meza.

Hoja: je, ni haki kutulazimisha? Nilijiandaa. Nikasimama, nikawatetea bibi wote wanaolea wajukuu, wasio na simu, wanaoishia kumpa jirani namba yao ya siri na kutapeliwa. Bibi mmoja akafuta machozi. Nikaona nimeshinda, nikanogewa, nikaongeza kwamba hata mimi, maskini wa Mungu, simu sina.

Hapo ikaita. Mfukoni. Kwa muziki! Daktari wa meno anaulizia kochi lake. Bibi wa machozi alicheka kuliko wote.

Akasimama Bwana Tai. Tai shingoni, tai rohoni: ndege anayengoja mzoga. Akasema kwa upole (upole huo ndio unaoniudhi) kwamba mfumo unazuia fedha kupotea njiani. Muuguzi mmoja, mama anayelea peke yake, akasema kila safari ya dirishani ilimkata nusu ya ujira wa siku. Mgala muue na haki yake mpe. Nikauliza tu kwa nini isiwe hiari: anayetaka simu alipe kwa simu, anayetaka dirisha aende dirishani. Mwalimu mkuu akasema ni wazo zuri sana, akahamia ajenda ya vyoo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimesalimu amri. Nimeingiza namba ya shule. Nimeingiza kiasi, kidogo kama kawaida yangu. Kisha mfumo ukaniandikia: Weka kumbukumbu ya malipo.

Nikaduwaa. Kumbukumbu? Nikasoma tena. Kumbe hawa watu wana utu! Wametunyima dirisha, lakini angalau wanataka kujua tunalipa tukimkumbuka nani. Nikafikiri sana. Nikaandika: Siku ya kwanza ya shule alivaa kofia yangu akagoma kuivua.

Ikakubali! Malipo yamepokelewa.

Nikalipa kipande kingine hapohapo. Jino lake la kwanza kung'oka tulilishonea ndani ya mto. Na kingine. Halali mpaka ashike sikio langu. Mfumo unakata maneno yakizidi, kwa hiyo lazima mtu akumbuke kwa ufupi. Sijawahi kulipa ada kwa raha hivi. Nilipomaliza nilikuwa nacheka peke yangu, halafu nikagundua kilio hakiko mbali.

Jumatano, 15 Mei

Mama Dirisha amepiga simu. Mkali! Nifike shuleni mara moja. Nikavaa shati langu la kuendea harusi za watu. Mlinzi akafungua geti zima, utadhani naingia na gari.

Kumbe kumbukumbu ni namba! Namba ya mwanafunzi! Fedha zangu zote ziliingia shuleni hazina mtoto. Mfumo ukamwandika Kidoti mdaiwa, na leo asubuhi ametolewa kwenye chumba cha mtihani mbele ya wenzake. Mama Dirisha alikuwa anasaka mwenye zile fedha, anawasomea walimu kwa sauti: jamani, nani huyu halali mpaka ashike sikio la mtu? Kidoti, amesimama mlangoni analia, akasema: "Ni mimi huyo." Ndipo akarudishwa ndani.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mtoto wangu kulizwa, na aliyemliza ni mimi!

Mapumziko nikamngoja penye nguzo. Hakuja mbio. Alikuja polepole, akasema nimemwaibisha, darasa zima sasa linamwita Sikio. Kisha akaninyooshea mkono akanishika sikio. Kwa adhabu au kwa mapenzi, sikuuliza. Akaniuliza kwa nini siendi tu nyumbani kwao kama watu wengine. Mama yake keshasema mlango uko wazi. Bwana Tai naye kasema. Jumamosi Kidoti atanisubiri kibarazani.

Nikamwapia nitakuja.

Mama Dirisha, kabla sijaondoka, akaichukua simu yangu akaiunganisha moja kwa moja na jina la Kidoti, ili kosa lisijirudie. Nikamshukuru. Sikuwa nasikiliza.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda. Naapa nilikwenda. Shati lilelile. Nikafika mpaka kwenye kona ya mtaa wao.

Kidoti alikuwa kibarazani, amekalia kile kiti kidogo chekundu nilichomtengenezea mwenyewe, amekielekeza njiani. Ubavuni pake kiti kikubwa, kitupu. Akatoka Bwana Tai. Hana tai, miguu peku. Akakaa chini sakafuni kumpa mtoto kampani, kile kiti hakukigusa. Watu wa aina hii wanapenda sana kujifanya wanyenyekevu.

Nami nimeshika nini? Sina kitu. Mkono mtupu haulambwi. Ningeingiaje? Nikasema nitulie kidogo nyuma ya ukuta, moyo upoe. Nikatulia mpaka Mama Kidoti akaja akamwambia mtoto aingie ndani, jua limezama. Kidoti akaingia. Kiti chake akakiacha palepale.

Nimerudi. Kochi la daktari limechukuliwa, karakana inavuma. Lakini njiani nimepata mpango, na huu hauna kasoro. Mitihani imekwisha, hakuna wa kutolewa nje. Nitalipa kipande kingine, namba siweki, naweka kumbukumbu. Mfumo utachanganyikiwa, Jumatatu Mama Dirisha atapiga simu na ukali wake, mlinzi atafungua geti, kengele italia. Nitamweleza Kidoti yote penye nguzo. Pale naweza kuongea.

Nikaandika: Leo alikalia kiti chekundu akaniangalia njia. Nikatuma.

Jibu likaja papo hapo. Asante, mzazi wa Kidoti. Malipo yamekamilika. Huna haja ya kufika shuleni.

Kesho nanunua laini mpya.